Mzio Wangu Si Pweza

Shangazi yangu hali pweza. Akionja hata kipande kidogo midomo inamvimba na mwili mzima unamwasha, kwa hiyo tangu utoto wake ukoo mzima unajua kwamba pweza ni mzio wake. Kwenye shughuli, sahani ikipita mbele yake anaisukuma kwa nyuma ya mkono na kuendelea na mazungumzo. Hakuna anayemuuliza kitu. Kuna wali, kuna kuku, na baharini samaki wengine wapo tele.

Mimi mzio wangu ni vumbi, na ninaishi Gerezani.

Wengi mnaosoma hapa mmeipita Gerezani bila kujua. Ukishuka kituo cha mwisho cha mwendokasi upande wa Kariakoo, umefika. Nyuma yako soko, mbele yako reli na bandari, na kati yake maduka ya spea, mbao, mabomba, nondo, na mafundi wa kuchomelea waliopanga kazi zao mpaka barabarani. Geti unalofunga usiku kwako Goba au Kibada, huenda lilizaliwa mtaani kwetu. (Utani wa jina la mtaa nimeshausikia wote. Ndiyo, natokea Gerezani. Hapana, sijafungwa.)

Nyumba yetu aliijenga babu. Ni ya Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uwani nyuma na mwembe mmoja. Ni kati ya chache zilizobaki. Kulia kwetu kuna ghorofa. Kushoto, Julai ya mwaka jana, nyumba iliyofanana na yetu kama pacha ilibomolewa kwa siku mbili ili nayo iwe ghorofa, na mimi nikalazwa siku tatu.

Ulikuwa wakati wa kusi, mvua zimeshasahaulika. Wabomoaji walianza saa moja asubuhi kwa nyundo. Hapakuwa na turubai wala tone la maji. Kuta za nyumba zile ni miti, udongo na chokaa, na ukivunja ukuta wa namna hiyo ukiwa mkavu, hauanguki, unapaa. Kufikia alasiri majani ya mwembe wetu yalikuwa meupe. Nilifunga dirisha, nikaziba upenyo wa mlango kwa kanga niliyoilowesha, nikavuta pampu mara mbili, nikakaa kusoma. Saa nane usiku niliamka kifua kinapiga mluzi.

Asiyewahi kubanwa na pumu hudhani shida ni kuvuta hewa. Kuvuta unaweza, kidogo. Kazi ni kuitoa. Njia za hewa zimevimba na kujaa ute, hewa kuukuu inabaki ndani, na mpya haina pa kukaa. Nilijiinamia kitandani nimeshika magoti, mabega yamepanda mpaka masikioni, na sikuweza kumwita shangazi kwa sababu kuita nako kunataka pumzi. Nikapiga ukuta kwa kisigino. Nashukuru kwamba nyumba ya babu ina kuta nyembamba.

Siku ya tatu daktari aliyekuja kuniruhusu alikuwa kijana, mpole, pengine tunalingana umri. Alinipa karatasi yenye kichwa kwa herufi kubwa: EPUKA VICHOCHEZI. Chini yake: epuka vumbi, epuka moshi, epuka chavua za maua, epuka harufu kali, epuka baridi, funga madirisha, fua mashuka kila wiki kwa maji ya moto. “Hasa vumbi, dada,” akasema. “Unaishi wapi?” Nikamwambia. Akanyamaza, akatabasamu kama mtu aliyekuta swali nje ya silabasi.

“Basi jitahidi,” akasema.

Ni hilo “jitahidi” ninalogombana nalo. Simgombi yule daktari. Alikuwa na wagonjwa arobaini wakimsubiri kwenye benchi, na alichoniambia ndicho kilichoandikwa kila mahali. Nagombana na wazo lililo nyuma ya karatasi yake, ambalo sisi wenye digrii tumelimeza kirahisi kuliko mtu mwingine yeyote: kwamba hewa ni kama mlo, kila mtu na sahani yake, na anayeumia hajachagua vizuri.

Neno lenyewe lina la kutufundisha. Kabla madaktari hawajalichukua kwa kazi yao, mzio lilikuwa neno la jikoni na la wazee: kitu ambacho mtu fulani hapaswi kukila au kukigusa kwa sababu kinamdhuru. Lilikaa jirani na mwiko. Aleji ni neno la juzi tu. Lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, ili kueleza mwili unaoitikia kitu kwa namna isiyo ya kawaida. Sikiliza tofauti. Kwa Pirquet habari ni ya mwili. Kwa bibi zetu habari ni ya kile kitu: pweza ndiye mzio, si shangazi. Siku hizi tunasema “yule ana aleji” kama tunavyosema yule ana kiherehere. Kosa limehama kutoka kwenye vumbi likaingia kifuani kwangu, na likishaingia kifuani kwangu, ni juu yangu.

Tena mzio wa bibi zetu ulikuwa na dawa kwa sababu sahani inasukumika. Nionyeshe mkono wa kuisukuma hewa.

Najua nitakavyojibiwa, maana nimeshajibiwa darasani, kwenye familia na kwenye daladala. Kwamba mimi ndiye siishi vizuri. Kwamba wagonjwa wengi wa aina yangu wanaumizwa na vitu vilivyomo ndani ya nyumba zao wenyewe. Hilo la pili ni kweli na silipingi. Utitiri wa vumbi la nyumbani, wadudu wasioonekana kwa macho wanaokula ngozi tunayoipukutisha, hupenda unyevu, na Dar es Salaam unyevu hauishi. Godoro la sponji la miaka tisa kwao ni jiji. Mende nao huacha mabaki yanayobana kifua. Na kuta zetu baada ya masika huota ukungu wa kijani unaoweza kuupangusa Jumamosi ukaukuta tena Jumatano.

Ndiyo maana msimu wetu haufanani na wa vitabu vya Ulaya, ambako mgonjwa hupiga chafya miti ikichanua na hupumzika maua yakiisha. Huku misimu inapokezana zamu. Masika inalaza vumbi la barabarani lakini inanenepesha ukungu na utitiri wa ndani. Kipupwe kinakausha ukungu na kuliamsha vumbi, na katikati yake mwembe wa uwani unachanua, kila shada linapukutisha unga wake kwenye kamba ya nguo. Kaskazi ikija Januari jua linachoma, barabara inakuwa unga. Nikiulizwa hali yangu ni mbaya mwezi gani, huwa nauliza mbaya kwa lipi.

Kwa hiyo nimejitahidi. Godoro nimelivisha nailoni ya fundi wa makochi, na usiku linapiga kelele kama mfuko wa chipsi. Zulia la sebuleni, alilolinunua shangazi kwa pesa ya kikoba, nililishikia bango mpaka likauzwa. Jiko la mkaa lilihamia uwani baada ya ugomvi wa wiki mbili. Kwenye udi nimeshindwa. Ijumaa ni Ijumaa, na mimi nakwenda kukaa maktaba. Mapazia nimeyatoa, mashuka nayaanika juani, na maji ya moto ya kila wiki yamenifundisha bei ya gesi. Ndani ya mita tatu kwa nne za chumba changu mimi ni raia mwema wa ile karatasi.

Halafu nafungua mlango.

Saa kumi na mbili asubuhi wafagiaji wa barabara wamefika, akina mama waliofunga kanga puani, na wanafagia barabara kavu. Hawamwagi maji kwanza kwa sababu hawajapewa maji. Vumbi linalonyanyuka halitoki mtaani. Linahama kutoka barabarani hadi dirishani, na saa nne linarudi barabarani likawasubiri kesho. Lori la mchanga linapita bila turubai kuelekea kwenye ghorofa, na kila likiruka tuta linamwaga kidogo. Kipande cha barabara kilichochimbwa kupitisha bomba kimefukiwa kwa kifusi, na kifusi ni vumbi linalongoja tairi. Kwa fundi wa kona grenda inaimba kwenye chuma. Kutoka mlangoni mpaka kituoni ni dakika tisa. Karatasi ya daktari inaniambia niepuke dakika tisa hizo mara mbili kwa siku, na chuo kinaniambia mahudhurio ni lazima.

Hakuna hata kimoja nilichokitaja hapo juu kinacholetwa na upepo wa Mungu. Kila kimoja kina mtu aliyeamua. Kuna aliyeamua kwamba turubai ni gharama. Kuna aliyepanga ratiba ya kufagia na hakuweka maji ndani yake. Kuna aliyetia saini kibali cha kubomoa bila kuuliza vumbi litakwenda wapi. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakafa, nchi nzima ililitazama vumbi lile kama ushahidi. Tukataka majina, Waziri Mkuu akaunda tume ya kukagua majengo. Sawa kabisa. Lakini siku nyingine zote za mwaka vumbi hilohilo, kutoka kwenye saruji hiyohiyo, tunaliita maendeleo, na anayelikohoa tunamwambia ana aleji.

Nasoma uzamili wa historia, kwa hiyo niwie radhi nikirudi nyuma kidogo. Mji huu ulipangwa na watu waliofikiria sana hewa. Chini ya Wajerumani, na kwa ukali zaidi chini ya Waingereza, Dar es Salaam iligawanywa kanda tatu: nyumba za Wazungu upande wa bahari, kisha Uhindini, kisha nyumba za Waafrika, yaani Kariakoo hii, iliyopewa jina na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza. Kati ya Uhindini na Kariakoo iliachwa ardhi tupu, na ndiyo viwanja vya Mnazi Mmoja. Hoja iliyotolewa ni afya. Ardhi ile iwe mpaka, maradhi ya upande mmoja yasivuke kwenda mwingine. Kwa maneno mengine, kuepuka kulikuwa sera. Kulikuwa na watu waliotengewa nafasi ya kuepuka, na kulikuwa na watu ambao ndio waliokuwa wa kuepukwa.

Mipaka ile ilifutwa kwenye sheria. Mazoea yake yamebaki. Mwanafunzi mwenzangu, mtu mwema, aliniuliza kwa dhati kabisa: kwa nini usihamie Mbezi Beach? Aliona ameniletea suluhisho. Kodi ya chumba kimoja huko inazidi posho yangu, lakini tuseme ninayo. Nihame. Chumba changu atakikodi mwingine mwenye mapafu mawili kama yangu. Shangazi atabaki. Watoto saba wa nyumba ya pili watabaki. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu na watu 455,000 walikufa kwayo, na vifo vingi vikiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Watu wote hao wahamie Mbezi Beach?

Tulishawahi kujibu vizuri zaidi ya hapo, na ni katika jiji hilihili. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Joseph Kessy na wenzake, walilishtaki Jiji la Dar es Salaam kwa kuwatupia taka mlangoni. Dampo lilikuwa linawaka, moshi na harufu vinaingia ndani, watu wanaugua vifua. Mahakama Kuu ikaliamuru Jiji liache. Jiji likarudi kuomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa. Alirejea ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi, ambayo pamoja na haki nyingine iliingizwa mwaka 1984 na ikaanza kudaiwa mahakamani mwaka huohuo wa 1988. Alishangaa kwamba mamlaka ya umma inaweza kuja mbele yake kuomba ruhusa ya kuchafua hewa ya watu.

Niliposoma habari za kesi ile mara ya kwanza nilikuwa maktaba, Ijumaa, nimeukimbia udi. Nilirudia mara mbili. Hakuna mahali ambapo wakazi wa Tabata waliambiwa wafunge madirisha. Hakuna aliyeuliza kama wana aleji. Swali lilikuwa nani anatoa moshi, na aache lini. Kuna Watanzania waliokaa kwenye benchi la mahakama miaka kumi kabla sijazaliwa wakasema mzio wetu ni moshi wa Jiji, na Jaji akawaelewa kwa maana ya bibi zao, si ya Pirquet.

Tangu hapo tumepata na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Mwaka 2007 zikaja kanuni za viwango vya ubora wa hewa. Kwenye karatasi mimi ni tajiri.

Ila kesi ya Tabata ina mwendelezo ambao sisi wapenda kesi huwa tunaufupisha. Taka zilitoka Tabata zikaenda Kunduchi Mtongani. Wa Kunduchi nao wakashtaki, Festo Balegele na wenzake 794, nao wakashinda. Taka zikaenda Vingunguti. Baadaye Mtoni. Sasa ziko Pugu Kinyamwezi. Yaani Jiji nalo lilikuwa na karatasi kama yangu: epuka. Likaepuka, kila mara kuelekea kwa watu wenye sauti ndogo zaidi.

Hapa ndipo ninapoogopa kalamu yangu mwenyewe. Kwa mji wetu neno usafi limekuwa na mkono mrefu kwa maskini. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara za Kariakoo kwa jina la mpangilio na usafi, na najua wasomaji wengi wa makala kama hizi walifurahi, kwa sababu kupita kulikuwa kwepesi. Nikiandika kwamba vumbi la Gerezani linaniua, nani atafuatwa kesho asubuhi? Mwenye ghorofa la milango mia? Atafuatwa fundi wa kona.

Kwa hiyo nilikwenda kwake kwanza. Ni mtu mzima, ana miaka zaidi ya ishirini pale, na ananiita mdogo wangu ingawa anaweza kunizaa. Nilimsalimia, nikamweleza kwamba nataka kuandika kuhusu vumbi. Alizima grenda, akavua miwani ya jua anayovaa kwa kuchomelea, ambayo haikuundwa kwa kazi hiyo, akashusha fulana aliyojifunga puani. Ilikuwa na doa jeusi la mviringo mahali pa pua.

“Hata mimi usiku nakohoa,” akasema. “Mke wangu ananihamisha kitanda.”

Nikamuuliza ameshakwenda hospitali.

“Wewe ulilala siku tatu ukarudi, ukakuta shule yako ipo. Mimi nikilala siku tatu nakuta mtu mwingine amekaa hapa.”

Unga wa chuma anaouvuta kwa siku moja mimi huuvuta kwa mwezi, na mimi ndiye mwenye karatasi. Tangu siku ile sikubali mazungumzo yoyote ya hewa yanayoanza kwa kumwondoa. Shida yake ni barakoa ya maana, banda lenye upepo, na kodi isiyompandisha ukutani. Anayepaswa kufuatwa ni yule mwenye uwezo wa kuweka turubai na pampu ya maji akaamua asiweke, na yule mwenye mamlaka ya kumlazimisha akaamua asimlazimishe.

Nikitaja pampu nakumbuka jambo jingine linalonichoma, na hili ni la dawa. Kwa miaka sita nilipewa pampu ya bluu peke yake, salbutamoli, ile inayofungua kifua kwa dakika chache na kukuacha na mkono unaotetemeka. Ni dawa nzuri, imeniokoa. Lakini inafungua mlango bila kuzima moto. Uvimbe wa ndani ya njia za hewa unatulizwa na dawa nyingine ya kuvuta, yenye steroidi kidogo, inayotumiwa hata siku unapojisikia mzima. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu umesema wazi kwamba mtu mzima au kijana hatakiwi kutibiwa kwa salbutamoli peke yake. Aina zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mimi nilisikia habari za ile ya pili nikiwa na miaka 24, nimeshalazwa mara tatu. Nilipoitafuta, maduka mawili ya dawa hayakuwa nayo na la tatu lilikuwa nayo kwa zaidi ya mara tatu ya bei ya ile ya bluu.

Kwa hiyo mgonjwa wa Gerezani anaambiwa aepuke asichoweza kuepuka, na akishindwa anapewa nusu ya dawa. Na hiyo nusu ataificha. Shangazi mpaka leo anaamini ukizoea pampu hutoki, na alinikataza kuivuta mbele ya wageni waliokuja kwa habari za posa. Wageni walikuwa wanakohoa wenyewe, ilikuwa Agosti. (Posa haikufika popote, kwa sababu nyingine.) Jirani yetu mmoja alizikwa mwaka juzi baada ya usiku kama ule wangu. Msibani tuliambiwa alikuwa na kifua cha kuzaliwa. Watu wakaitikia, wakala, wakaondoka. Kifua cha kuzaliwa. Kana kwamba alizaliwa na lori la mchanga.

London waliwahi kulikataa jibu hilo. Ella Adoo-Kissi-Debrah alikuwa na miaka tisa, anaishi karibu na barabara kubwa ya Lewisham, alipokufa kwa pumu Februari 2013. Mama yake, Rosamund, hakukubali cheti kinachosema pumu na kuishia hapo. Alipigana miaka saba. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba hewa chafu, hasa ya magari, ilichangia kifo cha mtoto yule, na ikaandikwa. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilikata kwa nusu kiwango cha chembechembe ndogo kabisa zinazovumilika hewani, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Kilichonigusa kwa Rosamund si takwimu. Ni kwamba alisisitiza kosa litolewe kifuani mwa mtoto wake na kurudishwa barabarani lilikotoka.

Baada ya kuongea na fundi niliandika barua kwa serikali ya mtaa. Sikuomba mtu ahamishwe. Niliomba mjenzi wa kushoto kwetu alowanishe kifusi kabla ya kukizoa na azungushe turubai, malori yafunikwe, na wafagiaji wapewe maji au wafagie baada ya barabara kunyunyiziwa. Fundi alitia saini wa kwanza, kwa mkono wenye grisi, na baada yake zikaja saini za nyumba kumi na moja. Shangazi alikataa kwanza, akasema tutajulikana kuwa wagomvi. Alfajiri yake alinisikia nikikohoa, akaja na kalamu yake mwenyewe.

Mwenyekiti aliisoma barua mpaka mwisho, nampa haki yake. “Vumbi,” akasema, “mmeanza lini kulilalamikia?” Nikamwambia tangu 1988. Hakuelewa, na sikuwa na pumzi ya kumweleza.

Wiki ile mjenzi alileta kijana mwenye mpira wa maji. Kijana alimwagilia siku tatu, na kwa siku tatu nililala chali, kitu ambacho wenye mapafu mazima hawajui kama ni starehe. Siku ya nne maji yakakatika mtaa mzima. Yaliporudi, kijana hakurudi. Sasa shangazi anatunza maji ya kusuuzia nguo kwenye ndoo mbili, na saa kumi na moja na nusu, kabla wafagiaji hawajafika, anatoka na kopo anayamwaga mbele ya nyumba yetu, hatua kumi na tano kwenda na kumi na tano kurudi. Yule mama anayefagia kipande chetu ameshamzoea. Wanasalimiana, anamsubiri amalize.

Ghorofa limefika ya sita. Juzi wameanza kukata vigae. Nimeandika barua ya pili, na safari hii nimeambatanisha kifungu cha 4.